Shangazi, nimeandika barua ya kuacha kazi lakini sijaituma

Shangazi, shikamoo.

Nina umri wa miaka 43, na 17 kati ya hiyo nimeitumia katika kampuni moja ya teknolojia. Niliingia nikiwa mwandishi wa programu wa ngazi ya chini kabisa, nikapanda hadi leo naongoza idara yenye wahandisi 60. Mshahara ni mzuri, bima inahudumia familia nzima, na nina hisa ambazo huwa zangu kidogo kidogo kadiri miaka inavyopita. Anayenitazama kwa nje ataniona sina cha kulalamikia.

Mwaka jana tuliambiwa tupunguze watu. Nilikabidhiwa majina tisa na karatasi yenye maneno ya kusoma. Kila mmoja nilizungumza naye kwa video, dakika 15, na nilionywa nisitoke nje ya yale maneno. Mtu wa sita aliniuliza, "Bosi, hayo unayosoma ni maneno yako?" Nilinyamaza, kisha nikarudi kwenye karatasi. Usiku ule sikupata usingizi.

Wiki tatu baadaye huyohuyo akanipigia simu jioni. Nilidhani amekuja kunilaumu. Kumbe alitaka mtu wa kufikiri naye kuhusu hatua yake inayofuata. Tulizungumza saa moja na nusu, mimi nikisikiliza zaidi kuliko kusema, na mwishoni akaniambia, "Sasa najua pa kuanzia." Nilipokata simu nilihisi nimefanya kazi ya maana kwa mara ya kwanza mwaka ule. Tangu hapo wamekuja wengine, mmoja akimleta mwenzake, wakiwemo vijana wawili wa idara yangu. Nazungumza nao jioni na Jumamosi asubuhi, bila malipo.

Tena yupo mkurugenzi wa kampuni nyingine, aliyekuwa mteja wetu hadi miaka miwili iliyopita. Ameniambia mara mbili, "Ukitoka huko nitafute. Nina mfumo wa hesabu wa miaka 20 ambao kila mtu anaogopa kuugusa."

Basi nataka kutoka. Nataka niwe mshauri wa teknolojia wa kujitegemea, na pia niwe kocha wa wahandisi wanaopandishwa kuwa viongozi. Mume wangu hapingi, ila kila nikifungua mazungumzo hayo ananiuliza swali lilelile: "Mwisho wa mwezi itakuwaje?" Sina jibu. Mwenzetu mmoja aliondoka kwa shangwe, miezi minane baadaye akarudi kuomba kazi, na jinsi watu walivyomsema kwenye korido sijasahau.

Niyashike yote mawili au nichague moja? Nahitaji cheti? Nitoze kiasi gani, mimi ambaye sijawahi kujipangia bei? Na kuna jambo linaloniuma hata kuliandika: nikishavua kitambulisho cha kampuni shingoni, sijui kama kuna mtu atakayepokea simu yangu.

Ni mimi, Barua Iko Kwenye Droo

—

Marahaba, mwanangu.

Naanza na ulilolisema mwisho, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloamua mengine yote.

Mimi niliacha ajira baada ya miaka 19. Mwezi wa kwanza niliandika barua pepe 40 kwa watu ambao nikiwa na cheo walikuwa wakinitafuta mpaka siku za mapumziko. Walionijibu ni sita. Nilipoyatazama majina ya wale sita niliona kitu ambacho sikukitarajia: hakuna hata mmoja aliyekuwa mkubwa. Mmoja nilikesha naye siku seva zilipoanguka. Mwingine nilimtetea kwenye kikao ambacho yeye hakuwepo, akaja kusikia baadaye. Wale wengine 34 hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wakikipigia simu kiti nilichokalia, na kiti kilipopata mtu mwingine waliendelea kukipigia.

Kwa hiyo hofu yako ni ya kweli, na inapimika. Ipime sasa, ukiwa bado na mshahara. Yule mtu wa sita alikupigia wakati ambao cheo chako hakikuwa na la kumsaidia tena. Umeliandika hilo kwa mkono wako ukalipita. Mimi nalirudia: mtu uliyemsomea karatasi ya kumwondoa kazini ndiye aliyekuchagua wewe wa kufikiri naye. Hiyo simu haikupigiwa kitambulisho.

Mkurugenzi ni habari nyingine. "Nitafute" ni neno jema, lakini si mkataba. Muulize mambo matatu. Mfumo ule usipoguswa mwaka huu, ni kitu gani hasa kitaharibika, na kitamgharimu nani? Nani anatia saini ya kutoa fedha za kazi kama hiyo? Na bajeti yao inapangwa mwezi gani? Akikujibu yote matatu, una mteja mlangoni. Akisema "tutaongea tu, wewe toka kwanza", basi una mtu anayekutakia heri, na heri hailipi ada ya shule.

Lakini usimpigie kabla hujausoma mkataba wako wa ajira, mstari kwa mstari. Umesema alikuwa mteja wa kampuni yenu hadi miaka miwili iliyopita. Mikataba mingi ya kampuni za teknolojia ina kipengele cha kukukataza kuwafuata wateja wa mwajiri kwa muda fulani, na mara nyingine kingine cha kukukataza kushindana naye kabisa. Nguvu ya vipengele hivi hutofautiana mno. Katika jimbo la California, Marekani, makatazo ya kushindana karibu yote hayana nguvu, na msingi wake ni sheria ya mwaka 1872. Uingereza mahakama huyapima: muda ni wa haki? Upana wake una sababu? Wewe tafuta mwanasheria wa kazi wa mahali ulipo, umlipe saa moja. Mwoneshe pia kipengele kinachosema kila utakachobuni ukiwa mwajiriwa ni mali ya kampuni. Na tafadhali, usijitumie faili hata moja kwenye barua pepe yako binafsi. Hata kiolezo ulichokitengeneza mwenyewe usiku wa manane. Kiache, utatengeneza kingine kilicho bora.

Na tazama tarehe ya hisa zako. Kampuni nyingi hukabidhi hisa kwa mafungu ndani ya miaka minne, na fungu ambalo siku yake haijafika linabaki kwa kampuni ukiondoka. Nimeona mtu akitoka wiki mbili kabla ya fungu lake kwa sababu alikuwa na hasira. Hasira ile ilimgharimu akiba ya nusu mwaka.

Sasa tuje kwenye ushauri na ukocha. Utaambiwa mshika mawili moja humponyoka. Mimi nimeyashika yote mawili kwa miaka mingi, na ninachokuambia ni kwamba yanashikika, ila si katika saa moja na si kwa mtu mmoja. Mteja wa ushauri ananunua jibu lako: ahamishe mfumo wake kwa hatua au kwa mara moja, aanze na moduli ipi, data aisafishe kabla au baada. Anakulipa kwa sababu umeshaona mifumo 10 ikihamishwa na unajua mitatu ilianguka wapi. Mteja wa ukocha hanunui jibu lako hata kidogo. Ananunua nafasi ya kulipata la kwake.

Neno "kocha" lenyewe limesafiri mbali kabla ya kutufikia kupitia Kiingereza. Lilitokea Hungaria, kwenye kijiji cha Kocs, ambacho magari yake ya kukokotwa na farasi yalisifika tangu karne ya 15. Kufikia miaka ya 1830 wanafunzi wa Oxford walikuwa wakimwita hivyo mwalimu wa binafsi aliyewavusha kwenye mtihani. Viwanja vya michezo vililichukua baadaye. Mimi hupenda kukumbuka lile gari: anayejua anakokwenda ni abiria.

Ninalisisitiza hili kwa sababu nililikosea, tena mwanzoni kabisa. Mteja wangu wa kwanza wa ukocha alikuwa mhandisi kijana aliyepewa timu ya watu wanane, wawili kati yao wakiwa wamemzidi umri na uzoefu. Alikuja na daftari jipya. Akalifungua, akaandika tarehe juu ya ukurasa, akaniambia, "Wananidharau vikaoni, sijui nifanyeje." Sisi watu wa mifumo tuna mazoea yetu: hitilafu ikiripotiwa, unaitafuta, unaifunga, unakwenda kwenye nyingine. Dakika ya saba nilikuwa nimeshampa mpango mzima. Kutana na kila mmoja peke yake, badilisha mpangilio wa kikao, anza na huyu, maliza na yule. Aliandika mistari minne, kisha kalamu ikasimama. Akaitia kifuniko taratibu, akafunga daftari, akanishukuru kwa heshima zote. Hakurudi tena.

Nilikaa muda mrefu nikijiuliza kosa lilikuwa wapi, maana ushauri wenyewe ulikuwa sahihi. Kosa ni kwamba sikumuuliza dharau hiyo ilikuwa inaonekanaje. Sikumuuliza yeye hufanya nini wakinyamaza. Pengine hao wawili walikuwa wakisubiri awaombe rai. Pengine aliogopa cheo kile na hakukitaka, na hakuwa na mahali pengine pa kulisema hilo. Sitajua. Niliifunga hitilafu isiyokuwepo, na aliyekuwepo akaondoka na daftari lake.

Wewe kwenye simu ile ya saa moja na nusu ulisikiliza zaidi kuliko kusema. Hujui bado ulifanya jambo gumu kiasi gani. Ukianza kulipwa utajaribiwa kuliacha, kwa sababu utahisi lazima uoneshe thamani ya fedha, na mdomo ndio unaofunguka kwanza. Kwa hiyo tenganisha: saa ya ushauri iwe na mkataba wake, saa ya ukocha iwe na wake. Na ikitokea katikati ya ukocha mtu anahitaji jibu la kiufundi unalolijua, sema waziwazi, "Kwa dakika tano naivua kofia ya kocha." Mpe. Kisha rudi.

Kuna jambo la haraka zaidi: wale vijana wawili wa idara yako. Simamisha wiki hii. Najua nia yako ni safi, lakini wewe ndiye unayeandika tathmini zao na unayejua kama kuna orodha nyingine ya majina inakuja. Mtu hawezi kukufungulia moyo huku kalamu ya hatima yake iko mkononi mwako, na wewe huwezi kusikia siri yake leo ukaisahau kesho kwenye kikao cha kupanga mishahara. Watafutie mtu wa nje, uwaeleze sababu bila kuzungukazunguka.

Ugumu huohuo utakufuata nje, kwa sura nyingine. Mara nyingi anayelipa kocha ni kampuni, na anayeketi mbele ya kocha ni mfanyakazi wake. Siku moja utakutana na aliyetia saini ya malipo akuulize kwa sauti ya kirafiki, "Vipi, yule wetu anaendeleaje? Anafikiria kuondoka?" Swali litakuja likiwa jepesi, labda mkiwa mnasubiri lifti, na jibu lake laweza kuvunja kazi yako yote. Andika mapema, kabla ya kikao cha kwanza, karatasi moja inayosomwa na pande zote tatu: kampuni itaambiwa malengo yaliyokubaliwa na kama vikao vinafanyika, basi. Mengine atayasema mwenyewe akitaka. Bosi akikataa kutia saini karatasi hiyo, usiichukue kazi, hata kama mwezi ule ni mkavu. Mimi niliwahi kukataa mwezi ulipokuwa mkavu kwelikweli, na sijutii.

Kuhusu cheti: nchi nyingi hazina sheria inayomzuia mtu kujiita kocha, kwa hiyo cheti si leseni. Lakini mafunzo yanafaa, hasa kwa mtu wa mifumo, kwa sababu yatakufundisha kunyamaza. Chama kinachotambulika zaidi duniani ni International Coaching Federation, kilichoanzishwa mwaka 1995. Ngazi yake ya kwanza, ACC, inadai saa 60 za mafunzo na saa 100 za kukochi. Inayofuata, PCC, saa 125 za mafunzo na saa 500 za kukochi. Hayo unaweza kuyaanza ukiwa bado kazini, jioni zako hizohizo. Kwa upande wa ushauri wa mifumo, miaka 17 inatosha. Usinunue cheti cha kukutuliza hofu.

Bei. Hapa watu wengi wanaotoka kwenye ajira hujiumiza, kwa sababu huchukua mshahara wa mwezi, wakaugawa kwa siku 22, wakadhani hiyo ndiyo bei ya siku yao. Hebu tuhesabu pamoja. Mwaka una siku za kazi kama 260. Toa likizo, sikukuu na siku za ugonjwa, zinabaki kama 225. Nusu ya hizo zitakwenda kutafuta wateja, kuandika mapendekezo, kufuatilia malipo, kujisomea. Utakazolipwa ni kama 110. Kwa siku hizo 110 unatakiwa upate mishahara yako 12, pamoja na yale ambayo mwajiri alikuwa anayalipa bila wewe kuyaona: bima, akiba ya uzeeni, kompyuta, leseni za programu, mhasibu. Weka sawa na mishahara mingine minne. Mishahara 16 ukiigawa kwa 110, siku moja yako ni kama sehemu ya saba ya mshahara wa mwezi. Ni mara tatu na ushee ya kile ulichokidhani.

Utakapoiandika mara ya kwanza utaona aibu. Ankara yangu ya kwanza niliiandika saa tatu usiku. Nilijaza jina la mteja, tarehe, maelezo ya kazi, nikafika kwenye kisanduku cha jumla, kidole kikabaki juu ya kibodi. Niliandika kiasi nilichokihesabu, nikakifuta, nikaweka nusu yake. Mteja alilipa siku ya pili bila swali. Hapo ndipo nilipoelewa nimejipunja, na ilinichukua karibu miaka miwili kuipandisha bei hiyo kwa mteja yuleyule. Usianze pale nilipoanzia. Na omba sehemu ya malipo kabla ya kazi, theluthi moja si dhambi, maana kampuni kubwa huweza kukaa na ankara yako siku 60 au 90 bila nia yoyote mbaya, kwa utaratibu wao tu.

Chunga kitu kimoja: mkurugenzi akipenda kazi yako atataka siku zako zote. Mteja mmoja anayekula siku zako zote ni mwajiri asiyekupa bima. Kwingine hata mamlaka za kodi huliona hivyo. Uingereza ina kanuni ziitwazo IR35, zilizoanza mwaka 2000, kwa ajili ya watu wanaojiita wa kujitegemea huku wanafanya kazi kama waajiriwa. Mimi sivuki nusu ya siku zangu kwa mteja mmoja.

Yule mwenzenu aliyerudi baada ya miezi minane, mwache kabisa. Alijaribu, hesabu ikamkatalia, akarudi kulisha watu wake. Walioongea kwenye korido hawajawahi kujaribu.

Mwisho, mume wako. Yeye hakuulizi kuhusu ndoto yako, anakuuliza kuhusu tarehe, na ana haki ya kujibiwa kwa tarehe. Kaeni pamoja muandike matumizi ya lazima ya nyumba kwa mwezi, siyo ya kawaida, ya lazima. Zidisha kwa 12. Hiyo ndiyo akiba inayotakiwa kuwepo kabla barua haijatoka kwenye droo. Ikiwa yeye ana kipato cha uhakika, tisa inaweza kutosha. Kisha mkubaliane, kwa maandishi, mwezi ambao mtatazama hesabu upya na kiasi ambacho akiba ikishukia hapo unaanza kutafuta ajira bila kubishana. Mimi na mzee wangu tuliandika yetu nyuma ya kalenda ya ukutani. Tulikikaribia kiasi hicho mara moja, mwezi wa kumi na moja. Hakusema neno. Alikwenda akaigeuza kalenda, akasoma, akairudisha mahali pake.

Basi utaratibu wako ni huu: mkataba na mwanasheria kwanza, vijana wawili wiki hii, kisha mkurugenzi na maswali yake matatu iwapo mkataba unaruhusu. Barua ikae droo mpaka ya mkurugenzi yajibike au apatikane mteja mwingine anayelipa. Na yule mtu wa sita, mpigie wewe safari hii. Alikuuliza swali kwenye video ile na hukumjibu. Hukuniomba ruhusa ya kumjibu, lakini nadhani unaitafuta.

Ukituma ankara ya kwanza, niandikie. Nitapenda kujua kwenye kile kisanduku uliandika nini.

Shangazi yako